Mama Chumvi na Kipande cha Nne

Hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi manesi wa wodi ya juu kabisa, ilimjua kama Mama Chumvi, na mwenyewe aliitika bila kinyongo. Wageni walidhani ni mpishi. Kumbe kazi yake ilikuwa kwenye jengo dogo la nyuma, lile lenye bomba la moshi lililopinda, ambako alitunza panya weupe mia na ishirini na kuwachanganyia maji ya chumvi kila asubuhi, akishamaliza kusali.

Hakuwa amesomea mambo ya panya. Alikuwa mshonaji. Miaka mingi alikaa kwenye chumba cha nguo cha hospitali, akishona mashuka yaliyochanika na kurudishia vifungo kwenye makoti ya madaktari. Siku moja Daktari wa utafiti, mzee mrefu aliyetembea huku akizungumza peke yake, alileta koti lililopasuka mgongoni. Aliporudi kulichukua alilipindua, akalipindua tena, akautafuta mshono asiuone. Akamuuliza kama mikono ile inaweza kushika kisu kidogo badala ya sindano. Mama Chumvi alisema kisu ni kisu, mradi kiwe na makali. Wiki iliyofuata alihamia jengo la nyuma, na chumba cha nguo kikapata mtu mwingine.

Kazi ilihusu tezi. Mwenyezi Mungu amemwekea kila mtu, na kila mnyama anayechinjwa, tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo kama kofia. Watu wengi huishi hadi kuzikwa bila kujua kama wanazo. Lakini zikiharibika, mwili hauwezi tena kushika chumvi. Chumvi yote inapita na mkojo kama maji kwenye chujio. Mtu anakonda, ngozi inageuka nyeusi kuliko alivyozaliwa, hata mistari ya viganja inaingia weusi, na nguvu zinamwishia hadi kuchana nywele kunakuwa safari. Na anatamani chumvi. Anailamba hivi hivi, kama wengine wanavyolamba asali.

Daktari alikuwa anatafuta kitu kimoja tu: ndani ya tezi zile kuna nini kinachoshika chumvi? Wenzake walimwambia kuwa homoni za tezi hizo zimeshajulikana zote, ajishughulishe na mengine. Yeye alishikilia kwamba ukitoa zote zinazojulikana, ule ute unaobaki bado una nguvu. Kitu kimejificha humo, na yeye hatalala usingizi mzuri mpaka akione.

Basi mara mbili kwa wiki Mama Chumvi alikwenda machinjioni na sanduku la bati lililojaa barafu. Pale alikuwepo mchinjaji mmoja mwenye mikono kama magogo, aliyeitwa Ndoano, ambaye alimtengea tezi za ng'ombe kwenye beseni. Hakukosa la kusema. Alimwambia kwamba wanawake wenzake wanakuja kuomba maini, yeye anataka vitu ambavyo hata paka wa machinjioni anaviruka. Mama Chumvi alimjibu kwamba paka huyo hajasoma, na Ndoano alicheka hadi kofia yake ikaanguka kwenye damu.

Jengoni alizimenya. Alitoa mafuta yaliyozizunguka, akazipasua katikati, akakwangua ule weusi wa ndani na kubakiza ganda la nje lenye rangi ya manjano iliyofifia. Ganda hilo alilisaga na kulilowesha kwenye spiriti, akalikabidhi kwa Mkemia.

Mkemia alikuwa kijana wa miwani, mwepesi wa hesabu na mwepesi wa kuudhika. Alimheshimu Mama Chumvi kama mama yake, lakini kama mama anayepaswa kuelezwa mambo polepole. Yeye ndiye aliyejua ufundi wa karatasi. Alidondosha ute wa tezi kwenye ncha ya ukanda mrefu wa karatasi, akauning'iniza ndani ya tangi la kioo, na dawa ya kuyeyushia ikateremka taratibu kwenye karatasi ikivuta vilivyomo. Kila kitu kilikuwa na mwendo wake, kama watoto wanavyotoka shuleni: wenye mbio wanatangulia, wazembe wanabaki nyuma. Karatasi ikishakauka, Mama Chumvi aliikata kwa mkasi wake wa ushonaji vipande vinane vilivyo sawa, kila kimoja na namba yake kwa penseli. Kila kipande kiliroweshwa peke yake, na maji yake yakajaribiwa kwa panya.

Kila kipande, isipokuwa cha nne. Kipande cha nne ndipo ilipotua homoni moja ya zamani, iliyojulikana na kila mtu, yenye kazi nyingine nzuri lakini hafifu katika habari ya chumvi. Kuijaribu ilikuwa kupoteza panya. Kwa hiyo tangu mwanzo waliruka: moja, mbili, tatu, tano. Mama Chumvi alikitia kipande cha nne kwenye chupa, akaandika namba, akaiweka kwenye rafu. Hakuagizwa kukitunza. Lakini mshonaji hatupi kipande cha kitambaa kabla nguo haijavaliwa, na tabia hiyo alihama nayo.

Sasa tuje kwa panya wenyewe. Ili kupima kitu kinachoshika chumvi, unahitaji panya asiyeweza kuishika mwenyewe. Daktari aliwapasua na kuwatoa tezi zao mbili, halafu akawakabidhi kwa Mama Chumvi wakiwa wamelegea kama soksi zilizoloa. Kabla yake, katika kila panya thelathini walikufa kumi. Yeye aliwapa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akaziba nyufa za dirisha kwa mabaki ya blanketi, akawatengenezea viota vya pamba na vitambaa. Vifo vilishuka hadi sita, halafu vinne. Mkemia alisema ni bahati. Mama Chumvi alisema ni Mungu, na vitambaa.

Maji yale ya chumvi ndiyo yaliyompeleka pia wodini. Kulikuwa na mgonjwa mmoja kwenye wodi ya wanawake, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye tezi zake zilikuwa zimekwisha. Kila saa sita mchana Mama Chumvi alimpelekea bilauri ya maji ya chumvi yaliyopimwa sawasawa. Mwalimu aliyanywa kwa pumzi moja na kufuta midomo kama aliyekunywa sharubati. Alikuwa na pakiti ya chumvi ndani ya foronya, na manesi walijifanya hawajui.

"Dada," alimuuliza siku moja, "hao panya wako wanasemaje?"

"Wanakusalimu. Wanasema na wao wamechoka kungoja."

Mwalimu alitabasamu, akafumba macho. Alikuwa ameshaanza kupungua tena, na wote wawili walijua kwamba chumvi inamshikilia tu kama pini inavyoshikilia nguo ambayo haijashonwa.

Wiki ile hakufa panya hata mmoja. Thelathini walipasuliwa, thelathini wakaamka. Vipande saba vilihitaji panya ishirini na sita pamoja na wa kulinganishia, na kwa hiyo walibaki wanne bila kazi. Mama Chumvi alikwenda kumuuliza Daktari awafanyeje. Mzee alikuwa ameinamia makaratasi yake, hakuinua hata kichwa. Akasema awape hicho kipande cha nne, wasikae bure. Mkemia alicheka kwa pua.

Walipigwa sindano asubuhi, wakapewa maji ya kawaida kwa mrija, wakawekwa kwenye vizimba vya wavu vyenye chupa chini ya kukinga mkojo. Alasiri Mkemia aliwasha mashine ya mwali. Jinsi ilivyofanya kazi, kila mpishi angeielewa: sufuria yenye chumvi ikifurika, moto wa gesi unageuka wa manjano. Mashine ilirusha mkojo kidogo ndani ya mwali wa buluu, na kadiri chumvi ilivyokuwa nyingi ndivyo mwali ulivyogeuka manjano na sindano ya kipimo ilivyopanda.

Kipande cha kwanza, manjano. Cha pili, manjano. Cha tatu, kisha cha tano hadi cha nane, yale yale ya kila wiki. Ikaja zamu ya wale wanne.

Mwali ulibaki buluu.

Mkemia alisafisha mrija, akarudia. Buluu. Akarudia mara ya tatu, sindano ikatikisika kidogo na kulala pale pale chini. Chumvi ilikuwa imebaki ndani ya panya karibu yote. Akavua miwani, akaifuta, akamgeukia Mama Chumvi.

"Mama, hawa panya ni wazima."

"Si wazima, mwanangu. Ni wale wa Jumatatu, waliokaa karibu na dirisha."

"Panya anayeshika chumvi hivi ana tezi zake. Alama za mikiani za waliopasuliwa, nani amezipaka?"

"Mimi. Wino ulikuwa umefifia nilipoosha vizimba, nikaupaka upya."

"Basi ndipo ulipochanganya. Sisemi ulikusudia."

Mama Chumvi alisema hakuchanganya. Alieleza kwamba aliosha kizimba kimoja kimoja, na kwamba hata bila wino angewajua kwa mwendo wao, yupi mvivu na yupi anang'ata. Mkemia alisikiliza kwa adabu, kwa ile adabu ya mtu ambaye ameshaamua. Alimweleza Daktari kwamba hata kuwapasua kuwaangalia hakutamaliza ubishi, kwa sababu kipande cha tezi kilichobaki kidogo kama kichwa cha pini hakionekani kwa macho, na kinatosha kushika chumvi.

Daktari alimpenda Mama Chumvi, lakini alikuwa ameshachekwa mara nyingi na wenzake, na hakutaka kuchekwa kwa ajili ya wino wa mkia. Mwishowe alisema kwa sauti ya chini kwamba jaribio liandikwe limeharibika. Kipande cha nne kimwagwe. Na kuanzia wiki ijayo Mama Chumvi ashughulike na tezi tu. Panya watatafutiwa mtu mwingine.

Mama Chumvi aliitikia kwa kichwa. Hakubishana. Lakini alipokuwa akining'iniza aproni yake alifikiri: wakiimwaga ile chupa, hakuna atakayekirudia kipande cha nne tena, na Mwalimu atabaki na foronya yake.

Nyumbani mumewe alikuwa anamngoja na chakula. Alikuwa fundi wa saa, mtu mdogo mwenye utani mwingi, na meza yake ya kazi ilikuwa hapo hapo sebuleni. Alimsikiliza hadi mwisho, akaona machozi yanamlengalenga mkewe.

"Hayo machozi usiyamwage hovyo, mke wangu," alisema. "Yana chumvi. Kesho panya watayahitaji."

Mama Chumvi alicheka bila kutaka. Kisha mumewe, huku akimenya chungwa, akamweleza kitu alichokuwa akikifanya kila siku bila kukifikiria. Mteja akija kusema saa yake imetengenezwa vibaya, yeye habishani naye. Anaiweka mezani kando ya saa nyingine anayoiamini, wanaondoka wote wawili, na kesho wanarudi kuzitazama. Saa zenyewe ndizo zinazosema.

Mama Chumvi aliweka kijiko chini. Alikumbuka Mwalimu anavyofuta midomo.

Asubuhi alifika kabla ya wote, akasali akiwa amesimama katikati ya vizimba, akamsubiri Daktari mlangoni. Alimwambia hataki kuaminiwa kwa maneno, waulizwe panya. Dawa ya sindano ilikuwa imeshaisha mwilini mwao. Wapewe chupa mbili kila mmoja, moja ya maji ya kawaida na moja ya maji ya chumvi. Kando yao wawekwe panya wanne wazima. Panya aliyetolewa tezi ataifuata chumvi popote ilipo, mzima ataikwepa. Chupa azijaze Mkemia kwa mkono wake, azifunike karatasi, na mlango aufunge kwa ufunguo wake. Yeye hataingia.

"Mkitaka baadaye muwapasue, mtawapasua," alimalizia. "Lakini kwanza wale na wanywe."

Mkemia alikubali haraka, labda haraka mno. Akaanza kupima chumvi ya kuchanganya, kiasi kile kile cha kila siku. Mama Chumvi akamzuia mkono.

"Hiyo haitoshi. Ya kiasi hicho hata wazima wanaipenda, nimewaona. Tia gramu thelathini kwenye lita, iwe kali mpaka ulimi ujikunje. Mzima hataigusa."

Mkemia alimtazama. Hilo hakulijua, na halikuwa limeandikwa kwenye vitabu vyake. Aliongeza chumvi.

Siku mbili mlango ulifungwa. Mama Chumvi alimenya tezi. Ndoano alimuuliza kwa nini yuko kimya kama aliyefiwa, naye akamwambia yuko sawa, anasubiri tu majibu ya watu wadogo. Alijua alivyoosha vile vizimba. Alilokuwa akiliomba kwa Mungu halikuwa kwamba aonekane mkweli, maana hilo Mungu alikwisha kuliona, bali kwamba ile chupa ya kipande cha nne iwe haijamwagwa.

Asubuhi ya tatu Mkemia alifungua mlango, na wote watatu wakaingia. Alitoa karatasi kwenye chupa, moja baada ya nyingine, akasoma vipimo kwa sauti. Wale wazima walikuwa wamekunywa maji ya kawaida. Ya chumvi yalikuwa pale pale yalipokuwa, upungufu wa matone tu. Akahamia kwa wale wanne. Wa kwanza, chumvi imeshuka chini ya nusu. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa amekausha chupa kabisa. Wa nne hakungoja kusomwa: alikuwa amening'inia kwenye mrija wa maji ya chumvi kwa mikono yote miwili, akinywa huku akiwatazama.

Mkemia aliandika tarakimu ile ya mwisho, akafunga kalamu.

"Mama, nimekukosea."

"Panya ndio uliowakosea zaidi," alisema Mama Chumvi. "Uliwaita wazima, na wao wanaumwa."

Daktari alitoka karibu akikimbia, koti likipepea, hadi kwenye rafu, na wao wakamfuata. Chupa ilikuwapo. Mkemia alikiri, akiwa ameinamisha uso, kwamba aliambiwa aimwage na alikuwa akiahirisha. Hakuweza kueleza kwa nini. Ule mwali wa buluu ulikuwa umemkaa machoni.

Walirudia jaribio kwa panya wengine wanane, alama akipaka Mkemia mwenyewe. Mwali ukabaki buluu. Ndipo Daktari alipofungua daftari jipya, na Mama Chumvi akarudishiwa panya wake bila hotuba yoyote. Alikuta tu aproni yake imerudi kwenye msumari wa chumba cha vizimba.

Kilichofuata kilikuwa kazi, na kazi hiyo ilichukua mwaka na nusu. Walibadilisha dawa ya kwenye tangi, na kipande cha nne kikajigawa mara mbili: homoni ya zamani ikatangulia, na nyuma yake, kama mtoto aliyekuwa akijibanza nyuma ya kaka yake, kikatokea kitu kingine. Wakakipima kinavyong'aa chini ya taa ya zambarau, kinayeyuka kwenye moto wa kiasi gani, kinavyojibu dawa hii na ile. Hakikufanana na chochote kilichoandikwa. Ili kupata cha kutosha, masanduku ya tezi yalikwenda na kurudi hadi Ndoano akadai ng'ombe wameanza kumkimbia Mama Chumvi wakimwona. Karibu nusu tani ya tezi ilipita mikononi mwake. Mwishoni, kwenye kijisahani cha kioo, palikuwa na fuwele zinazoweza kukaa juu ya ukucha wa kidole kidogo. Nguvu zake zilikuwa za kutisha: ungechukua punje moja ya chumvi ya mezani ukaigawa mara mia kadhaa, fuwele zenye uzito wa kipande kimoja tu zilitosha kubadilisha mkojo wa panya.

Mama Chumvi alizitazama, akasema, "Hizi ndizo zilizokuwa zinarukwa," akarudi kuosha vizimba.

Fuwele za kwanza zilizoweza kutolewa zilikwenda kwa Mwalimu, ambaye kufikia hapo hakuweza kukaa kitandani bila mito mitatu. Sindano ilikuwa asubuhi na jioni. Siku ya kwanza Mama Chumvi alipanda wodini saa sita na bilauri yake, Mwalimu akanywa yote. Siku ya pili akanywa yote, akakaa bila mto mmoja. Siku ya tatu alipokea bilauri, akanywa funda moja, akakunja uso.

"Dada, leo umekosea. Umezidisha chumvi."

Mama Chumvi alisimama pale na trei mkononi. Alikuwa amepima mwenyewe, kwa mizani ile ile, kijiko kile kile.

"Nimepima kama jana," alisema polepole.

"Hapana, umezidisha. Haya hayanyweki. Niletee maji ya kawaida, tafadhali, ya baridi kama yapo."

Alimletea. Alikaa ukingoni mwa kitanda hadi Mwalimu alipoyamaliza, kisha akaichukua bilauri ya chumvi, akateremka nayo ngazi zote hadi jengo la nyuma, akaitua mezani mbele ya Mkemia.

"Mwalimu anasema nimekosea kipimo."

Mkemia aliitazama bilauri iliyopungua funda moja tu. Mashine ya mwali ilikuwa karibu na kiwiko chake, tayari imewashwa, lakini hakupima kitu. Alivuta daftari, akatafuta tarehe, akaandika kwamba mgonjwa amekataa chumvi.